Nimeuliza Kama Anaumia

Daktari alikuwa na kauzi kagumu, keupe, kama mshipi wa kuvulia samaki furu, akawa ananigusa nako kwenye unyayo wa kulia na kuuliza, "Hapa, mzee? Na hapa je?" Nikamwambia sisikii kitu. Akashuka kwenye kisigino, akarudi kwenye dole gumba ambalo lilikuwa limeshageuka rangi ya mkaa. "Na hapa?" Sikusikia. Lakini Masatu alisikia. Masatu alisema, "Mwambie aache bwana, ananiumiza," na kwa kuwa mimi sina tabia ya kumeza maneno, nikamwambia daktari vilevile: mimi sisikii, ila mwenzangu anasema unamuumiza. Daktari akamtazama binti yangu Nyangeta. Nyangeta akatazama dirishani, upande wa ziwa. Nikajua kwamba hata siku hiyo sitajibiwa.

Niseme mapema ili tusisumbuane. Masatu ni mtu niliyemtengeneza mwenyewe kichwani nikiwa kijana, na yuko nami hadi leo. Najua hana mwili. Sihitaji mtu mwenye cheti aje kunieleza kwamba hana mwili, maana mimi ndiye niliyemtengeneza, na fundi wa kiti anajua kiti chake kina miguu mingapi. Darasa la tatu nilikomea, sikuendelea, na bado mashine za kusaga zinazopiga kelele pale Kabasa ni zangu na nyumba ya bati la rangi iliyo nyuma yake ni yangu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Kwa hiyo mimi si kichaa. Katika maisha yangu yote nimeuliza swali moja tu: mwili wangu ukiumia, Masatu anaumia? Katekista alinijibu habari za mapepo. Mganga mmoja wa Mugeta alinijibu habari za mizimu ya upande wa mama. Wote wananiambia kama yupo au hayupo. Sijauliza kama yupo. Nimeuliza kama anaumia.

Nyangeta ni mwalimu wa sekondari, na alinionea huruma akatafuta kwenye simu yake. Akaniambia kuna watu nchi za mbali, vijana wengi wao, wanatengeneza wenzao kichwani kwa makusudi kabisa, wanawaita tulpa. Nilikaa vizuri kitandani. Nikamuuliza wanasemaje juu ya maumivu. "Wanabishana, baba. Mmoja anasema wake anasikia kila kitu. Mwingine anasema hasikii mpaka umruhusu. Mwingine anasema anasikia kwa sababu anajua kwamba wewe unasikia." Nikamuuliza, kwa hiyo hawajui? "Hawajui, baba." Na umeme wanao? "Wanao." Na shule wamesoma? "Wamesoma sana." Nikamwambia azime hiyo simu, inamaliza chaji bure.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Daktari alisema sukari imeua mguu na uozo unapanda, lazima ukatwe chini ya goti, na karatasi ya kuweka sahihi ilikuwa imelala juu ya kabati pembeni ya chupa ya chai. Watoto wangu walidhani naogopa. Mguu ule mimi nilikuwa nimeshauzoea kama gogo, ungekatwa na panga nisingejua. Kilichonizuia ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine anayesema unamuuma, na mimi siwezi kuweka sahihi ya kumkata mtu mguu kabla ya kujua kama ni wake. Swali hilo sikulianzisha hospitali ya Musoma. Nililitoa Butiama, mwaka ambao nilikaa kwa Mama Bhoke.

Mama Bhoke alikuwa mjane, anakaa nje kidogo ya Butiama, ana ng'ombe wawili wa kulimia, Kibiriti na Mpole, na plau moja ambayo mikono yake ilikuwa imefungwa kwa ngozi. Mwanaye aliyekuwa akiwaongoza ng'ombe alikuwa amekwenda Mwanza akanogewa huko. Mimi nilifika kutoka Mugeta nikiwa na blanketi na njaa, akaniajiri. Alinipa chumba kilichokuwa cha mbuzi zamani. Nira zilining'inia ukutani juu ya kichwa changu, magunia ya pamba yalikaa upande wa mlango, na usiku chumba kizima kilinuka jasho la ng'ombe na vumbi la pamba, harufu ambayo mpaka leo nikiikuta njiani nasimama. Jikoni kwake kulikuwa na mafiga matatu makubwa meusi na kigoda kimoja, na kigoda hicho kilikuwa cha kwake. Mimi nilikaa juu ya kinu kilicholazwa. Tulikula ugali wa muhogo na mtama, mweusi, mzito, na dagaa au mlenda, na siku njema maziwa ya mgando. Mama yule hakuwaga na maneno mengi. Ukimaliza kula alisema "haya", basi, hiyo ndiyo sala ya kumaliza.

Sasa kulima kwa ng'ombe kunataka watu wawili. Mmoja ashike plau nyuma, mmoja aende mbele akiwaongoza, la sivyo mfereji unapinda kama nyoka na ng'ombe wanageukia nyumbani jua likikaza. Mimi nilikuwa peke yangu. Siku za mwanzo nilikuwa napiga kelele tu, "Masatu, washike! Masatu, kushoto!" ili ng'ombe wadhani mbele kuna mtu. Ng'ombe si wajinga, lakini ni wavivu wa kuhakikisha. Wakawa wananyoosha. Nami kila siku nikawa namwona kidogo zaidi: kwanza mgongo, kwa sababu alikuwa mbele yangu na ananipa mgongo, kisha mwendo, anatupa mguu wa kulia nje kidogo, kisha shati la khaki lililochanika begani. Sikuwa naota. Nilikuwa namjenga kama mtu anavyojenga ukuta, tofali leo, tofali kesho, kwa sababu nilikuwa na kazi na sikuwa na mtu. Halafu asubuhi moja wakati wa kupanda nikamwambia, "Masatu, punguza mwendo," naye bila kugeuka akanijibu, "Punguza wewe, mimi nafuata ng'ombe." Sikuwa nimelipanga lile jibu. Nilicheka mpaka nikaacha plau.

Kutoka hapo tukawa wawili, na mambo ya mwili yakaanza kunitatiza. Furu wa kukaanga mimi nilikuwa nawapenda sana. Masatu alisema wana miiba na wananuka tope. Mdomo ni mmoja, samaki ni yuleyule, sasa tope alilionja wapi? Siku nge aliponiuma kidoleni nikitoa nira ukutani, aliyeguta kwanza alikuwa yeye. Mimi maumivu yalinifikia baadaye. Nikasema, basi anasikia. Lakini nilipougua malaria, nikilala natetemeka chini ya magunia na meno yanagongana, yeye alikaa mlangoni anapiga mluzi na kulalamika kwamba nje kuna joto. Nilimtukana. Nikamwambia, "Wewe ni mwenzangu gani, mimi nakufa wewe unapiga mluzi?" Akasema, "Sasa tukitetemeka wote nani atakuangalia?" Ukimuuliza waziwazi kama anasikia, anakujibu kwa swali, kama mwanasiasa. Amekuwa hivyo mpaka uzee huu.

Mama Bhoke alitusikia, kwa sababu ukuta wa chumba cha mbuzi haukuwa mnene. Jioni moja akapakua ugali, akakata tonge jingine akaliweka ukingoni mwa sinia. Akasema, "Huyo mwenzio anakula?"

"Nikila mimi inatosha, mama."

"Umemuuliza?"

Nilikuwa sijamuuliza. Hakuna mwingine, kabla yake wala baada yake, aliyewahi kuniuliza jambo la maana juu ya Masatu. Tonge lile tuliliacha, asubuhi kuku wakalila, na kila jioni akaliweka tena.

Lakini watu wengine nao walisikia. Nilikwenda kisimani kunywesha ng'ombe, na nyuma ya matete kulikuwa na wanawake wanafua, hawakuniona. Mmoja akasema, "Shamba lote lile, kijana mmoja? Na mfereji umenyooka namna ile?" Mwingine akasema, "Mmoja unayemwona wewe. Mume wangu kapita pale, kamsikia anamwamuru mtu. Mbele ya ng'ombe hakuna mtu." Wa kwanza akaacha kufua. "Msukule," akasema. Huko kwetu msukule ni mtu aliyezikwa, watu wamelia na matanga wamevunja, kumbe mchawi amemchukua amfanyie kazi. Halipwi, hachoki, analishwa pumba. Na mjane anayevuna pamba nyingi kuliko wenye waume hana mtetezi. Siku ile ile Mama Bhoke alikwenda kwa jirani kuomba moto akaambiwa umezimika, na moshi unaonekana unatoka paani. Baada ya hapo tukaamka tukakuta zizi limefunguliwa. Kilichokuwa kinafuata tulikijua wote wawili: nyumba ya nyasi haihitaji kesi, inahitaji kibiriti.

Balozi wa nyumba zetu kumi alikuja mwenyewe, na nitampa haki yake, alikuja mchana na alikuja akiwa hajanywa. Akakaa kwenye kigoda cha Mama Bhoke bila kukaribishwa. "Mama, mimi sisemi," akasema. "Wanaosema ni watu. Kijana, huyo unayeongea naye ni nani?"

"Ni Masatu. Nimemtengeneza mwenyewe."

"Umemtengeneza kwa dawa gani?"

"Kwa upweke, mzee. Na plau."

"Usinifanyie utani. Nauliza hivi: anasikia njaa? Anasikia jua? Maana msukule hasikii njaa wala mwiba. Kama huyu wako anasikia, ni jambo lako na kichwa chako, hata mimi nina shemeji anaongea na mbuzi. Kama hasikii..." Akamtazama Mama Bhoke, akamalizia kwa kusugua kidole kwenye kiganja, kama anayewasha kibiriti.

Wakakubaliana kwamba nisile kuanzia jioni ile. Asubuhi nilime mbele ya watu, na Balozi aniulize kila mara Masatu anasemaje. Ilikuwa hukumu ya kijinga, lakini ndiyo tuliyopewa. Mama Bhoke alinifuata zizini nikifunga nira. Akasema taratibu, "Mwanangu, sema ana njaa. Sema hivyo tu." Nikamwambia sawa.

Walikuja wengi, wengine na vigoda vyao, kama wanakuja kwenye ngoma. Tumbo langu lilikuwa limeshikana na mgongo. Masatu mbele anatembea vizuri, anatupa ule mguu wake. Jua lilipopanda Balozi akapaza sauti, "Kijana! Mwenzio anasemaje?" Nami nilikuwa kijana wa kiburi, nilikuwa naamini kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti kubwa unatosha. Nikajibu, "Anapiga mluzi!" Watu wakaguna. Mama Bhoke akaweka mikono kichwani. Balozi akasubiri tena, tukageuza mara kadhaa, akauliza, "Na sasa? Ana njaa?" Nikamuuliza Masatu, nikiomba moyoni ajibu kama mtu. Masatu akasema, "Njaa ya nini? Si umekula jana?" Nikalirudia neno lake kama lilivyo. Mwanamume mmoja akasimama akainua kigoda chake. Akasema, "Tumesikia. Twendeni tukamalize." Nikamwona Mama Bhoke anatazama nyumba yake, anaitazama kama mtu anayehesabu vitu vya kuokoa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile haikuwa habari ya kichwa changu tena.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo niseme ana njaa, anakufa kwa njaa, lakini tulikuwa mwisho wa mfereji, ng'ombe wanageuka, na pale ndipo plau inapoinuliwa. Nikainua, macho yakaingia giza, nikaanguka. Ng'ombe hawakujua, wakaendelea. Plau ikaniangukia, jembe lake likaingia juu ya mguu wangu wa kulia na kuburuta. Kelele ikapigwa. Ilikuwa kelele ya "Mguu wangu!" na hadi leo hii sijui nani aliyeipiga. Waliosimama nyuma yangu waliapa nilikuwa mimi. Waliosimama upande wa vichwa vya ng'ombe waliapa ilitoka mbele, pale pasipokuwa na mtu, na walikimbia wakaacha vigoda. Kibiriti na Mpole walisimama wima bila kuambiwa. Mimi ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa chini, naona damu inaloweka udongo, na sisikii maumivu yoyote.

Balozi akavua kofia. Akasema, "Msukule hapigi kelele." Wakaitikia, kweli, msukule hapigi kelele, msukule ukimkata anaangalia tu. Basi ikawa imekwisha hivyo. Waliokuja kuchoma nyumba ndio walionibeba kwa baiskeli hadi zahanati, na yule aliyeinua kigoda alileta kuku. Mama Bhoke aliwakaribisha wote, akawapa maji. Walipoondoka alikaa akanitazama mguu uliofungwa matambara, akasema, "Nyumba imepona kwa sababu umekatwa. Kama usingekatwa ningekuwa njiani saa hizi. Hao ndio watu." Yule kuku hakumla. Mimi nilimla.

Masatu alinyamaza. Nililala mle chumbani wiki baada ya wiki, nikamwita, nikamtukana, nikamwimbia, kimya. Ukimya ule uliniuma kuliko kidonda. Niliporudi shambani nachechemea nilimkuta ameshatangulia, yuko mbele ya ng'ombe, ananipa mgongo kama kawaida. Na alikuwa anachechemea. Mguu wa kulia, uleule. Jioni nikamweleza Mama Bhoke.

"Basi anasikia," akasema.

"Au ananiiga."

Akachochea moto, akafikiri. "Na mimi ninapolia kwenye msiba wa mtu, nasikia au naiga?" Akasema "haya", akaondoa sinia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale hospitali, na karatasi pale juu ya kabati. Nyangeta aliniletea samaki, sato, kutoka soko la Mwigobero, akanitolea miiba kama mtoto, na katikati ya kula akaanza kulia. Akasema, "Baba, sisi tunakuona wewe tu. Tunataka ubaki." Nilimuuliza Masatu aseme. Akasema, "Unaonaje wewe?" Nikamwambia miaka yote hii na bado unanijibu hivi, wewe ni mpumbavu. Nikaweka sahihi kwa hasira, bila jibu, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Yule wa sindano ya ganzi aliponishika mgongo nikamuuliza, na mwenzangu mnamchoma wapi? Akacheka, akasema, "Babu una vituko." Wakakata.

Nilipoamka Masatu hakuwepo. Nilitarajia. Nisilolitarajia lilikuja siku iliyofuata, nikinywa uji: mguu uliokatwa ulianza kuuma. Kisigino, unyayo, kidole kile cha mkaa, vyote vinawaka, mguu ambao sikuusikia tangu mwaka jana. Nikavuta shuka, pale hapana kitu, bandeji na godoro. Nikamwita daktari, nikijua atamtazama Nyangeta. Hakumtazama. Akavuta kiti.

"Inatokea sana, mzee. Mguu haupo ila maumivu yapo. Ni maumivu ya kweli."

"Rudia mbele ya binti yangu."

"Maumivu ni ya kweli, mzee, hata kama mguu haupo."

"Na utanipa dawa?"

"Nitakupa."

"Ya mguu usiokuwepo."

"Ndiyo."

Nikamtazama Nyangeta, Nyangeta akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Kisha nikamuuliza daktari juu ya Masatu, nikidhani mlango umefunguka. Akaweka kalamu mfukoni, akasema kuna mtaalamu wa akili anapitaga wodini, atamleta tuzungumze. Nusura nimtupie kikombe. Mguu usiokuwepo unapewa kidonge bila kuulizwa maswali, na mtu mzima niliyeishi naye tangu ujana anaitiwa mtaalamu wa akili!

Nililala chali nikiwa na hasira, na kisigino kinawaka, na nikaanza kukisikiliza, maana sikuwa na kazi nyingine. Hakikuwa kinauma sawasawa. Kilikuwa kinauma, kinapoa, kinauma, kinapoa, kwa mwendo. Ule ulikuwa mwendo wa mtu anayetembea. Tena kwenye changarawe, peku, mguu wa kulia anautupa nje kidogo. Nikakaa kitako ghafla mpaka Nyangeta akashtuka. Katekista, mganga, daktari, na wale vijana wa nchi za mbali wenye umeme wao, wote tumekuwa tunauliza kama yeye anasikia mwili wangu. Hakuna hata mmoja, na mimi nikiwemo, aliyewahi kuuliza kama mimi nasikia wa kwake.

"Masatu," nikasema, kwa sauti, wodi nzima inasikia. "Kaa chini. Umetembea vya kutosha."

Alipiga hatua kadhaa zaidi, maana ni mkaidi, kisha akakaa. Kisigino kikapoa, si chote. Daktari alipopita jioni akasema ni kidonge kimefanya kazi. Sikumbishia. Nilimwambia aniletee na kingine.